Muhuri Ulikaa Vizuri, Baba

Tabora,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Shikamoo Baba,

Kifua kimekuachia? Hamisi alinipigia akasema baridi ya Lushoto imekulaza siku tatu, na bado unatoka asubuhi kumwagilia kabeji. Hebu msikilize mwanao walau mara moja, kabeji hazitakimbia. Mimi mwilini ni mzima. Jua la hapa ni kali, chumba changu cha kazi juu ya duka la vitambaa hakikaliki ikifika saa nane. Lakini uchovu nilio nao si wa jua.

Unamkumbuka Bi Kabula, yule mjane wa Kaliua niliyekusimulia? Shemeji yake alidai shamba lake, na baraza la ardhi likampa. Mumewe amezikwa mlemle. Nilimwahidi kukata rufaa. Siku ya mwisho nikaenda mwenyewe masjala ya mahakama, nimekumbatia makaratasi, vile ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo nikikungoja kazini kwako mahakamani: mkabidhi karani mkononi, usiondoke hujauona muhuri. Karani akapokea, akagonga, akaniambia, "Wakili, hii ni nakala tu. Kanuni zimebadilika, tarehe inayohesabika ni ya kwenye mfumo wa mtandaoni. Ingiza leo leo."

Nikamwitikia vizuri kabisa. Nikatoka nje, nikapiga picha ule muhuri, nikakutumia kwa simu ya Hamisi. Ukajibu, "Muhuri umekaa vizuri, mwanangu." Jamani, nilivyofurahi! Nikaona kazi imekwisha, nikaenda zangu kula ugali. Rufaa niliiingiza kwenye mfumo kesho yake asubuhi.

Siku moja tu, Baba. Ndiyo iliyotumaliza.

Ikabidi niiombe mahakama ituongezee muda, na kwenye maombi hayo lazima uape ni nini kilichokuchelewesha. Shabani, mwenzangu wa ofisini, akasema, "Andika mtandao ulikatika. Nani atabisha?" Kweli, sababu hiyo huwa inakubaliwa. Niliiandika, sikufichi. Nikaisoma mara mbili. Halafu nikaikumbuka ile picha, na mtandao ulioifikisha kwako huko mlimani dakika ileile. Nikafuta. Nikaandika kwamba ulikuwa uzembe wangu.

Kabla sijaapa nilimwita Bi Kabula, nikamweleza yote, na ule uongo ambao ungeweza kumwokoa pia nikamtajia. Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Haya," akasema. "Siwezi kukwambia uape uongo. Lakini tukishindwa, mwanangu, usiniachie mimi peke yangu kumwambia mzee. Utakuja shambani, umwambie mwenyewe pale kaburini."

Nikasema nitakuja. Ungesema nini wewe?

Alhamisi Jaji akasoma uamuzi. Alinisifu kwa kusema kweli, sentensi moja hivi, kisha akasema uzembe wa wakili si sababu ya kuongeza muda. Maombi yakatupwa. Bi Kabula alinishika mkono mpaka nje ya geti, maana mimi ndiye niliyekuwa nalia. Tangu siku hiyo Shabani hanisemeshi vizuri. Nimechoka, Baba. Kuna wakati najiuliza kama sikununua usingizi wangu kwa shamba la mtu mwingine, na hata huo usingizi wenyewe siupati.

Usijilaumu kwa habari ya muhuri, nakujua. Wakati wako muhuri ndio uliokuwa kila kitu. Mimi niliambiwa kwa mdomo, na masikio ninayo.

Mama mwambie asali yake nimeshaipata, ya nyuki wadogo kama alivyotaka, nampa dereva wa basi pamoja na barua hii. Shangazi aliyenisomesha mpe shikamoo yangu, ila haya usimwambie kwanza, presha yake naijua. Hamisi mdogo wangu msalimie sana, na ile picha aifute.

Jumamosi ijayo napanda treni kwenda Kaliua. Bi Kabula anataka tufike kaburini kabla shemeji yake hajaanza kulima. Wewe miaka yote uliwaeleza watu hukumu zao kwa Kisambaa pale koridoni, wakakuelewa, wakaondoka wamenyamaza. Ukimaliza kusoma hapa, nipigie. Huyu aliyelala, nianze kwa kumwambia nini?

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu na kukukumbuka,
Mwanaidi