Makopo ya Polishi

Limpho, uko hapo?

Si unajua Mama anavyosifiwa mji mzima wa Mafeteng, eti miaka themanini na bado anapiga magoti kusugua sakafu yake? Hata mimi nilikuwa najigamba. Kila mwezi namletea kopo la polishi nyekundu.

Leo nimefika bila kumwambia. Nimemkuta kapiga magoti sebuleni, kitambaa mkononi, anaelekea jikoni.

"Mama, hebu pumzika!"

"Namalizia tu, mwanangu."

Limpho, kitambaa kilikuwa kikavu! Magotini hana hata alama nyekundu. Nikafungua kabati. Makopo matatu, hakuna hata moja lililofunguliwa.

Anatambaa!! Mama yangu anatambaa ndani ya nyumba yake, na kitambaa ni cha kumzuga atakayechungulia.

Nikamuuliza tangu lini. "Tangu tumzike Mamello." Yule jirani aliyeteleza mlangoni kwake. Mama mwenyewe hajaanguka hata siku moja, Limpho. Hata siku moja!

Nikamnyanyua kwa nguvu. Akaning'ang'ania shingoni kama mtu anayezama, analia, "Nirudishe chini! Nirudishe chini!"

Nikamrudisha.

Limpho, mimi mwenyewe nimemrudisha.