Chupa Isiyo na Uzi

Kibokoni, Mombasa
Jumatano, baada ya alasiri

Kwako Dada Wakesho,

Keti kwanza, usije ukaisoma barua hii umesimama ukaanguka. Mdogo wako amepata bahati. Wale watu wa mvinyo wa mtaa wa Tudor, wenye mashati ya kupigwa pasi hata Jumapili, wamenichagua mimi kuwa pua yao kuu. Ndiyo, mimi Mwakio, niliyetoka darasa la saba kwa kupitia dirishani. Chupa haifunguliwi mpaka nifike. Duniani kuna watu wanaolipwa kwa kuonja, Dada, na mmoja wao ulimbeba mgongoni ukimfuta kamasi.

Baada ya kukupasha hilo, je, hamjambo huko milimani? Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii? Amerudia kula mezani na wenzake, au bado anapeleka sahani kwenye kiti cha Baba? Mimi ni mzima, nimenenepa shingoni tu. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu Mama huweka spika, na kabla sijamaliza salamu mji mzima unachangia. Hii isome peke yako.

Najua unangoja jibu moja, na siku ya kuondoa matanga haipo mbali. Usinilaumu kwa kuzunguka.

Mzigo wako ulifika Ijumaa na basi la Voi. Utingo alinikabidhi akiwa ameushika mbali na tumbo lake. Akaniambia, "Chukua vitu vyako, mzee, vimenguruma njia nzima, abiria wamehama viti." Chupa tatu za pombe ya miwa, zote nzima, kama ulivyoeleza. Isiyo na uzi ni ya Baba mwenyewe, ya mwisho, aliyoificha kwenye mchanga wa ghalani. Yenye uzi mwekundu umeipika wewe kwa miwa ya bondeni. Yenye uzi mweusi umeipika kwa miwa ya shamba la juu. Unataka niseme ipi kati ya zako mbili inafanana na ya Baba, uanze kukamua miwa wiki hii.

Na maneno ya Baba Mdogo nimeyasoma mara tatu. Eti mwanamke hawezi kupika pombe ya kumwagia kaburi, na wazee wakiionja wakaona siyo ile ya ndugu yake, kinu cha Baba kitahamia kwake. Kinu hicho umekitwangia tangu matiti hayajaota, na yeye alikuwa akikikalia tu kuvutia sigara. Ningekuwa karibu ningemwambia mbele ya watu.

Chupa hazikuvuka kizingiti cha nyumba ninayokaa. Mwenye nyumba wangu, Bi. Zuhura, ni mjane wa ukoo uliotoka Arabuni zamani sana, na pombe kwake haiingii hata kwa jina. Nina adabu zangu. Nilizipeleka moja kwa moja hadi stoo ya yale majengo ya Tudor ninayoyatunza.

Jumamosi nilipokuwa natoka, Bi. Zuhura aliniita ukumbini.

"Mwanangu, huu udi wangu wa leo wauonaje?"

Nikavuta pumzi ndefu, pua juu, kama mtu wa kazi yake. "Mashaallah, Bi. Zuhura. Huu umeshinda wa juzi."

Akakivuta chetezo karibu nami. "Chetezo hata moto sijakitia."

Nikacheka, nikamwambia pua yangu hunusa hadi ya kesho. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Jana maziwa yaliungua mpaka jirani akabisha hodi, nawe ulikuwa umekaa karibu na jiko ukisoma gazeti. Una dada wewe. Mwambie." Nikaaga haraka, nikashika njia. Wazee huwa na maneno mengi.

Sasa nikufikishe Jumapili. Hawa watu wa mvinyo hukutana saa tisa mchana kwa Bwana Musyoka, ghorofa ya tatu. Yeye anatoa mizigo bandarini. Yuko Bwana Otieno, mstaafu wa reli, na Sista Njeri, muuguzi. Wao wamekaa. Mimi sikai, mtu wa cheo changu husimama, kitambaa begani. Sheria yao ni kwamba chupa huvikwa gazeti, zikapewa namba, mtu asione jina wala bei. Kila mmoja anaonja na kusema imemkumbusha nini. Ukisema "tamu" au "kali" tu unazomewa. Na chupa iliyowashinda wenzake haibakishwi tone. Humalizwa palepale, ndiyo heshima yake.

Nilizivika chupa zako gazeti. Niliona si vibaya nikiwa na mashahidi, maana Baba Mdogo mtu mmoja atambishia. Ya Baba nikaipa namba tatu.

Bwana Musyoka akauliza, "Mwakio, hizi za nchi gani? Mbona zinaongea?"

"Za ng'ambo," nikamjibu. Ng'ambo ya Voi, lakini hilo halikuwa na haja.

Walianza na namba mbili, ya uzi mweusi. Bwana Otieno akaizungusha mdomoni, akasema, "Hii ni mkubwa wangu wa karakana. Anaingia kwa kelele, halafu hana la kusema." Wakacheka mpaka glasi zikagongana. Namba moja, ya uzi mwekundu, Sista Njeri alifumba macho. "Hii ni godoro la nyasi la nyanya yangu," akasema, "asubuhi homa imeniacha na jua limeingia."

Kisha namba tatu. Dada, wote watatu waliinusa tena kabla ya kupiga funda la pili.

Bwana Musyoka ndiye aliyeanza. "Mimi nasikia moshi. Moshi wa kwetu, kuni mbichi, Mama anapuliza huku anatukana."

"Aliyetengeneza hii hakuwa na haraka," akasema Bwana Otieno. "Na alijua anamtengenezea nani."

Sista Njeri akarudia namba moja, akarudi tatu, akarudia tena moja. "Jamani, hizi mbili ni tumbo moja. Hii tatu ndiyo kubwa, imekaa. Ile ni mdogo wake, akipewa muda atakuwa hivihivi." Wenzake wakajaribu, wakakubali, hata Bwana Otieno ambaye hajakubaliana na mtu tangu astaafu.

Basi jibu lako ndilo hilo, Dada. Uzi mwekundu. Kamua miwa ya bondeni, uache ikae kadiri siku zinavyoruhusu, na Baba Mdogo akalie kitu kingine.

Nilichukua kizibo niizibe ile ya Baba. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Unaziba nini?" Bwana Musyoka akauliza. "Imeshinda hiyo. Mimina!"

"Nilidhani tuibakishe kidogo."

"Tangu lini? Mimina, bwana, acha uchoyo."

Ningewaambia ni ya marehemu baba yangu, wangeweka glasi chini na kuniomba radhi, nawajua. Lakini wangeuliza kwa nini nimeileta kwao badala ya kuionja mwenyewe. Nikamimina. Kwa mkono wangu huu, glasi tatu, mpaka chupa ikawa nyepesi. Wakainua wakasema, "Kwa aliyeipika!" bila kujua wanamsema nani. Nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni nilirudi kwa miguu hadi mtaa wa Ndia Kuu, chupa tupu imevikwa gazeti kwapani. Yule muuza vinyago wa pale, ambaye hunitania kila siku, aliniona akaanza, "Bwana Mkubwa, umembeba nani leo?" Nikaihamishia kwapa la pili. Akaniacha nipite.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akichovya kata ndani ya mtungi, ananiinamia, anauliza, "Bado au tayari?" Wazee wamekaa kiu inawaua, na yeye anangoja mtoto wa miaka sita aseme. Nikisema bado, hakuna anayekunywa. Nadhani sijawahi kuwa mkubwa tena kama siku zile.

Nisalimie Mama, umwambie goti lipakwe mafuta yenye moto kidogo. Nisalimie Shemeji, na wanao wote kwa majina yao. Shangazi mwambie leso yake ninayo, nimeshainunua. Mjomba mpiga kinanda mwambie asipige ule wimbo wa mazishi siku hiyo, apige ule Baba alioupenda. Na Baba Mdogo msalimie pia, ni damu yetu.

Mdogo wako,
Mwakio

Dada, nimeshatia jina lakini bahasha imenishinda kufunga. Hakuna aliyenichagua. Kwa Bwana Musyoka mimi ndiye ninayefungua chupa na kuosha glasi. Pua yangu ilikufa na ile homa ya mwaka juzi, na ulimi ukaifuata, sikumwambia mtu, wala Baba hakujua. Uzi mwekundu umechaguliwa na wale watatu. Waamini wao, wala usiseme ni mimi.

Kulibaki funda moja chini ya chupa ya Baba. Nilijifungia jikoni kwa Bwana Musyoka nikalinywa. Lilikuwa baridi, basi. Chupa yenyewe nimeifunga kwenye mzigo unaokuja na barua hii, na kizibo chake. Izibue wewe, uone kama harufu yake bado imo. Mimi sisikii kitu.