Vifurushi vya Njiru Kwenye Friza

Nyumbani kwa Mama,
Kibugu, Embu.
Jumapili, 19 Januari 2025.

Mpendwa kaka Njiru,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Winfred na Mukiri mdogo mko salama huko Perth, na kwamba lile jua unalolilalamikia limepungua. Sisi tuko wazima. Nyonga ya Mama humsumbua asubuhi tu, akishatembea hadi kwa ng'ombe inalegea.

Utashangaa mbona barua na simu iko. Kaka, ukipiga, Mama hutaka sauti iwe kubwa na huketi kando yangu mpaka mwisho. Miaka mitano sijakuambia neno ambalo yeye hajalisikia. Njue amemaliza likizo na anarudi huko Perth Jumatano, naye ameahidi kukupa hii mkononi.

Jumapili mbili zilizopita uliniona nimeziba pua mbele ya friji, ukaniamuru nitoe kila kitu nioshe mpaka ing'ae. Harufu haikuwa uchafu wangu. Mti uliangukia waya tukakaa siku nne bila stima. Lakini wewe ukisema mimi hufanya, kwa hivyo Jumatatu niliizima na kuivuta kutoka ukutani.

Sasa nikuambie ukweli kuhusu hiyo friji. Mama hali kitu kilicholala ndani yake. Yale maziwa, mayai na sukuma unayoyaona kwenye simu, mimi huyapanga mbele nusu saa kabla hujapiga, na ukikata nayarudisha jikoni. Nyuma yake kuna sukari iliyokimbia sisimizi, mbegu za maharagwe, dawa ya macho ya Mama na chanjo ya kuku ya majirani wote. Watu hubisha hodi kuulizia chanjo kabla sijanawa uso. Ulituletea ofisi ya mifugo, kaka.

Nilitoa trei zote nikaziosha nje kwa maji ya vuguvugu, sabuni na ndimu. Mpira wa mlango nikausugua kwa mswaki wa zamani. Kisha nikafika kwenye friza, na hapo ndipo harufu ilipokuwa inatoka.

Vilikuwa vifurushi vinne vya nyama, vimefungwa kwa vitambaa. Vitambaa hivyo ni mabaki ya cherehani yangu, nikavitambua kimoja kimoja: sare ya kwaya ya mwaka 2021, harusi ya binti wa mchungaji, na vile viwili vya baadaye. Kila Krismasi tangu ulete friji, Mama amekuwa akitoa fungu lako la mbuzi na kukuwekea. Nilipovibeba nje alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni. "Hizo ni za Njiru," akasema. "Wacha hapo, stima imerudi." Nilimweleza kwamba zimeoza. Nilizizika kwenye migomba, yeye akinitazama mpaka nikamaliza kufukia.

Nikuambie jambo la aibu. Kabla ya kufunga friza nilipapasa mpaka kule nyuma nikitafuta changu. Najua anayekaa hapa hula fungu lake likiwa moto. Bado nilitafuta.

Siku tulipomzika Baba ulisimama mbele ya wazee ukasema, "Igoki atabaki na Mama." Hukuniuliza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sasa nina ishirini na tisa, na mbali zaidi nilikofika ni Embu mjini kununua uzi. Nimechoka, Njiru. Nampenda Mama, na bado najihisi nimefungiwa. Kuna asubuhi nasimama langoni nimeshika komeo, halafu narudi ndani kwa sababu chai yake itapoa.

Rafiki yangu Carol ameniita Runyenjes nishone naye dukani kwake, maana fundi wake ameolewa Kibirichia. Anataka jibu kabla ya Februari kuisha. Nitalala huko siku za kazi na kurudi Ijumaa jioni. Shangazi Cicily yuko tayari kukaa na Mama, lakini hawezi kuja mpaka wewe useme. Anasema neno la kifungua mimba lililosemwa mbele ya wazee haliwezi kuvunjwa na yeye.

Ijumaa nilimwambia Mama. Alisikiliza, akaendelea kuchambua maharagwe. Jana tulichinja jogoo kumuaga Njue. Leo asubuhi nimefungua friza nihakikishe inang'aa, nikakuta kifurushi kimoja, paja la jogoo, kimefungwa kwa kitambaa cha samawati ninachokishona wiki hii. Nikamuuliza, "Mama, umeanza tena kumwekea Njiru?"

"Hiyo ni yako," akasema. "Si unaenda?"

Nimelia mpaka nikashindwa kuwasha moto.

Leo mchana utapiga, nami nitakufungulia friza uone kazi yangu. Utakiona kile kifurushi na utafikiri ni chako. Nitanyamaza, kwa kuwa Mama atakuwa kando. Basi ukifika hapa kwenye barua ujue kilikuwa cha nani. Mama ameniachilia. Umebaki wewe. Piga useme mwenyewe, sauti ikiwa kubwa, sote tusikie.

Msalimie sana Winfred, na umkumbatie Mukiri kwa niaba ya nyanya yake. Njue atakupa pia majani chai ya kwetu. Mungu awatunze huko ugenini mpaka siku mtakayokula nasi nyama ikiwa moto.

Dada yako akupendaye, ambaye bado yuko hapa,
Igoki