Fundo la Kwanza

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa chumba cha upelelezi, tarehe 16, kuanzia saa 8:20 mchana

Jina: Lipo kwenye kitambulisho nilichoweka mezani. Mtaani naitwa Mama Pacha.
Umri: Miaka 39.
Kazi: Kusafisha picha kwenye kompyuta na kupokea wateja, studio ya familia.
Makazi: Vyumba vya juu ya studio hiyohiyo.
Uhusiano: Aliyeumizwa ni mume wangu. Mtuhumiwa ni baba yake mzazi.

Afande ameniambia niseme polepole ili kalamu imfikie. Nitajitahidi, ila mdomo wangu hauna breki, anisamehe.

Baba mkwe ana miaka 74 na wateja wanamwita Mzee Kamba. Ana lenzi nne za zamani, za chuma kitupu, alizozinunua enzi za filamu. Kamera yenyewe ni mpya, ile ndogo isiyo na kioo cha kupinduka ndani, na lenzi hizo haziingii mpaka uweke pete ya kuunganishia katikati. Hazijitafutii fokasi. Unazungusha kwa mkono mwenyewe. Wateja wanazipenda kwa sababu ngozi inatoka laini na taa za nyuma zinatoka kama shanga, na mimi nakaa siku nzima kwenye kompyuta sijawahi kuipata rangi ile kwa ujanja wowote.

Kamera hiyo ina msaada wake. Penye fokasi inachora mistari myekundu kwenye skrini. Lakini Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, mistari haioni, na kisu machoni hataki hata kukisikia. Kwa hiyo anapima. Ana kamba ameifunga kwenye mshipi wa suruali, ina mafundo matatu. Fundo la kwanza mita moja, la pili mita moja na nusu, la tatu mita mbili. Mteja anashika ncha ya kamba chini ya jicho lake, maana jicho ndilo linalotakiwa kutoka kali, na Baba anarudi nyuma mpaka fundo analolitaka limkae tumboni. Kisha anapapasa lenzi. Kila lenzi ameikwangua kwa tupa vialama vitatu, anavisoma kwa kidole gumba. Watu wazima wote ni fundo la pili. La kwanza ni la vichanga tu. Kwa miaka sita nimefungua picha zake kwenye kompyuta na zilizokosa fokasi hazijazi kiganja.

Pete ile ya kuunganishia aliichagua kati ya tano, akaisugua kwenye msasa wiki nzima mpaka vialama vikakubaliana na kamba. Ukibadilisha pete, vialama vyote vinakuwa vya uongo. Hilo tunalijua watu watatu tu duniani, na wote tunakula meza moja.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa 3 asubuhi, mume wangu alikuja na bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na pete nyingine, rangi ileile. Akaniambia, "Imepungua unene wa ukucha. Mzee atapima weee, fokasi itaangukia nyuma ya masikio." Nikamwuliza ana kichaa? Akasema amechoka. Kila akisimama nyuma ya kamera, mteja anamwuliza, "Mzee yupo?" Ana miaka 45 na bado anaulizwa mzee yupo. "Nikimwambia astaafu, atakataa. Wacha ajikatae mwenyewe."

Nilicheka. Andika hivyo, afande, usiruke. Nilicheka kwa sauti na nikamshikia kamera wakati anabadilisha.

Kuanzia siku hiyo picha zote za Baba zilitoka hovyo. Hereni kali, unaona hata kutu, na uso moshi mtupu. Mume wangu akaanza mchezo wake. Saa 10 jioni, wateja wakiwa bado wamekaa kwenye benchi, anamwita Baba mbele ya kompyuta. "Baba, hebu tusaidie, huyu ni nani?" Anajua haoni. Baba anainama mpaka pua inagusa kioo, anasema, "Mkono umeteleza." Wateja wanatazamana. Mume wangu ananikonyeza.

Tarehe 8, saa 6 mchana, nilimkuta Baba chumba cha nyuma ameegemeza fagio kwenye kiti. Alikuwa amebana ncha ya kamba kwenye mpini wa fagio na anajirudisha nyuma, anapapasa, anapiga, anarudia. Akasikia nyayo zangu, akaniuliza, "Mkwe, njoo unitazamie. Fagio limetoka?" Nikatazama skrini. Ukuta wa nyuma ulikuwa mkali mpaka nyufa zinahesabika. Nikamwambia, "Bado kidogo, Baba." Akasema asante.

Sasa nije kwa dada mmoja mwenye duka la vitambaa. Tarehe 6 alimleta mama yake kwenye kiti cha magurudumu, wakiwa njiani kwenda hospitali kufanyiwa upasuaji. Alitaka picha moja tu, na alitaka apige Mzee, kwa sababu ndiye aliyempiga mama yake picha siku ya harusi. Baba alipima mara mbili. Yule bibi alikishika kile kipande cha kamba chini ya jicho, anacheka kama mtoto. Nilipoifungua picha, nyuzi za mgongo wa kiti zilikuwa kali, na bibi hana uso. Nikamwita mume wangu, nikamwambia turudishe pete ya Baba, tumpigie dada simu warudi. Akasema, "Akitoka hospitali atapigwa nyingine." Sikubishana.

Bibi hakutoka.

Tarehe 12, saa 5 asubuhi, dada yule alikuja na nguo za msiba, akaomba picha. Sikuwa na pa kujificha, nikampa. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamfuata Baba pale alipokaa, akamwambia mbele ya watu wote, "Kama huoni si ungesema? Kifo kimeninyima mama yangu, na wewe umeninyima mara ya pili." Akamtupia picha mapajani. Baba aliipapasa, pande zote mbili. Mume wangu alisimama mlangoni na uso mkavu. Ningesema neno moja tu, "pete", yangeisha palepale.

Tarehe 13 Baba hakugusa kamera kutwa. Saa 9 alasiri alianza kuzifungua lenzi ili azihifadhi, na ndipo alipoishika pete. Nilimwona. Kidole gumba kilizunguka, kikarudi, kikazunguka tena. Ya kwake ina mikwaruzo ya msasa. Hii ilikuwa laini. Akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkwe, hii pete ya nani?" Nikasema, "Sijui, Baba." Akasema, "Haya." Akaenda kunawa mikono.

Mnamo tarehe 14, saa 2:40 asubuhi, kabla hatujafungua, Baba alimwambia mume wangu, "Kaa kwenye stuli nikupige ya mwisho, kisha nawaachia studio yenu." Mume wangu alifurahi kweli, alikuwa kama kashinda kura. Akajifuta uso, akakaa. Mimi nilikuwa kaunta, hatua nne kutoka kwao, taa zote zinawaka.

Baba alimpa ncha ya kamba. "Chini ya jicho. La kulia, ndilo unalochungulia nalo." Mume wangu akaiweka. Baba akarudi nyuma, kamba ikakazika, akapapasa fundo tumboni. Lilikuwa la kwanza. Mume wangu akacheka, "Baba, uko karibu mno. Mimi kichanga?" Baba akasema, "Tulia. Usitikisike. Fumbua macho." Kamera ilikuwa mezani, hakuishika. Alichoshika ni lenzi yake ndefu kuliko zote, ndani ya mfuko wake wa ngozi, ameushika mfuko kwa ule mkanda wa kubebea. Akauzungusha hewani mara moja. Alipiga pale ilipoishia kamba.

Niliona mwenyewe. Mfupa wa shavu umevunjika na daktari ametuambia jicho hilo halipo tena. Mume wangu alianguka na stuli yake. Baba alikaa chini kwenye benchi la wateja, akaanza kuikunja kamba. Nilipiga kelele mpaka wa duka la jirani wakaja.

Jana wifi yangu mkubwa alinifuata hospitali na kunisihi. "Wifi, sema Mzee alijikwaa. Mtu haoni, nani atabisha? Atalala nyumbani kwake." Mume wangu naye, kwa jicho lililobaki, ameniandikia kwenye karatasi: aliteleza. Hataki habari ya pete itoke nje. Najua nikisema alijikwaa, Baba anarudi leo. Nikisema habari za kamba, atafia ndani. Mtu wa miaka 74 hatoki huko akiwa mzima, tusidanganyane.

Lakini asubuhi ile, askari wakimpandisha garini, Baba aliomba aniage. Akaniinamia sikioni, akasema, "Mkwe, watakwambia useme nilibahatisha. Usithubutu. Waambie nilipima."

Basi ninawaambia. Alipima. Fundo lilikuwa la kwanza, kamba ilikuwa imekazwa, na mkono wake haukuteleza hata kidogo. Haukuwahi kuteleza. Nilimnyima neno hilo siku kumi na tatu, leo amelipata kwa bei hii, na mimi roho inaniuma na sijui nitarudi vipi nyumba ile.

Ndivyo nilivyoona, ndivyo nilivyosikia, na yangu niliyoyafanya nimeyasema bila kusukumwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi. Nimemwuliza mara mbili kama anataka kuondoa sehemu ya fundo. Amekataa mara mbili. Kamba imepokelewa kama kielelezo. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni sentimita mia moja kamili. Saa 10:05 nilipopita mahabusu, mtuhumiwa aliuliza kama mkwe wake ametaja kamba. Nilimjibu ndiyo. Akaomba chakula, ambacho alikuwa amekikataa tangu tarehe 14, akala chote.