Wimbo wa Mfereji Kwenye Shuka la Sinema

Wafula ndugu yangu,

Ni mimi Wanjiku, yule uliyemtoa kwenye kufunga sabuni kule Industrial Area ukamsimamisha jukwaani na debe tupu. Barua hii nimeianza mara tatu. Naandika mstari, nasimama, naenda kutazama chai ambayo hata sijaitia jikoni. Leo siinuki mpaka nikwambie.

Mchezo wetu wa mfereji, ule wa watu wanaopanga laini ya maji na madebe yao, umekuwa sinema, na sinema imeushinda mchezo kwa mbali. Unakumbuka tulivyoimba wiki nzima pale ukumbini mbele ya watu kumi na wanne, wawili wamesinzia? Sasa gari la sinema likifika Kariobangi na kutundika shuka lake, uwanja unafurika. Watoto wanakaa hata upande wa nyuma, wanatazama kila kitu kinyume na hawajali. Mama anayeniuzia mboga ya sukuma anaimba nyimbo zako huku akikata. Nilimwambia zilitungwa na rafiki yangu, marehemu. Akasema, "Kumbe," akaendelea kukata.

Haya, sasa sikia nililofanya.

Wewe ndiwe uliyesema mtu akifika mferejini haulizi lingine kabla ya "Nani wa mwisho?", na asipojibiwa hana nafasi kwenye laini. Kwa hiyo katika wimbo wangu nilikuwa nauliza, nanyamaza, nangoja mtu wa ukumbini aseme "Ni mimi," ndipo naendelea. Siku ya kwanza hakuna aliyejibu. Jasho lilinitoka, nawe pembeni na gitaa lako unanikataza kwa macho nisiendelee. Mpaka mama yako akasema kutoka nyuma, "Ni mimi, mwanangu, hebu imba twende nyumbani." Tulicheka mpaka basi. Na kule hospitalini, watu wa sinema walipokuwa wameshaanza kuulizia mchezo, ulinishika mkono ukasema, "Hata wakiupeleka wapi, Wanjiku, ngoja watu."

Sikungoja. Mwongozaji wa sinema alisema kile kimya kitafanya watu wadhani mashine imeharibika. Nikaitikia. Niliogopa wataniondoa wamweke mwingine. Hiyo ndiyo kweli, sina nyingine.

Jumamosi nilimpeleka mama yako uwanjani. Pale kwenye shuka nikauliza, "Nani wa mwisho?" Uwanja mzima ukajibu, "Ni mimi." Walijibu wenyewe, Wafula, bila kufundishwa na mtu. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaendelea, na ule mstari wako wa uchungu unaofuata swali ukamezwa na kelele. Mama yako naye alijibu, ila alichelewa, unajua miaka yake. Alijibu peke yake wengine wakiwa wamenyamaza, na mimi wa kwenye shuka nilishatega debe zamani. Akanigeukia. "Mbona hukuningoja?"

Tangu siku hiyo sikai mahali nikatulia.

Basi nimeuomba ukumbi. Jumapili baada ya ibada tunaucheza tena mchezo mzima, kwa miguu yetu, hata wakija wale kumi na wanne tu. Mama yako nitamketisha mbele. Nitauliza, nitashusha debe chini, na ninakuahidi sitafungua mdomo mpaka ajibu, hata mlinzi akianza kufunga madirisha.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Debe nimeshalisugua.

Wanjiku