Mwani Uliokunywa Mrututu

Jumamosi. Huku Mbozi ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Nimechoka kuitwa msomi na watu wasionisikiliza.

Kila msimu tunapiga mrututu, ile dawa ya kuvu ya samawati yenye shaba, kwenye kahawa, halafu maji ya kusuuzia pampu yanamwagwa mtoni na shaba hiyo. Nilipomaliza chuo nikaanza kuyakinga kwenye pipa na kuotesha mwani humo, ule utelezi wa kijani unaoota kwenye birika la ng'ombe. Ni chembe ndogo mno, lakini ngozi ya kila chembe hunasa shaba iliyoyeyuka majini, na nyingine huingia ndani kabisa. Wiki hii maji yale ya samawati yameng'aa. Nilifurahi kama mtoto, nikawaita wa nyumbani waone.

Nikawaambia mwani ndio uliosafisha. Nikawaambia pia usiguswe, sasa shaba yote, sumu ile, iko humo. Hilo la pili halikumwingia mtu.

Shangazi, dada yake baba, huuza unga wa mlonge na mizizi Tunduma. Juzi nikiwa Vwawa aliuchuja mwani wangu wote, akauanika kwenye kichanja cha kahawa, akautwanga. Leo nimemkuta karibu na foleni ya malori akiuuza kuwa dawa ya kusafisha damu.

Nilimweleza kwamba hata ukikauka, shaba haitoki. Wabadilisha fedha wakacheka.

"Kama mwani umeweza pipa, utashindwa tumbo?" akaniuliza. "Mwanangu, usinizibie riziki mbele za watu."

Nilimnyang'anya vifuko vilivyobaki. Alilia, nami sikumwonea huruma. Vingine vilishanunuliwa, anamkumbuka mteja mmoja tu, dada mwenye mtoto mgongoni, anayeongea Kibemba. Alitaka dawa ya mtoto.

Ya mtoto!

Nimerudi nyumbani nikamkuta mama jikoni na kikombe cha uji. Uji wa kijani, zawadi ya wifi yake. Alikuwa hajaonja. Nimeumwaga, na mama amenuna, anasema elimu imenifanya niwe na roho mbaya.

Kesho wao wataenda kanisani. Mimi nitasimama njia ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nikimtafuta mtu nisiyeijua sura yake, nikikagua kila mtoto aliyebebwa mgongoni.

Au ameshamkorogea mwanawe?