Tambuu na Mimi, Sote Wajawazito

Jumanne, 1 Julai

Athmani yuko ndani, mimi niko kizingitini. Ndivyo ilivyo kila asubuhi sasa. Yeye anabadilisha maji, mimi naelekeza kwa mdomo. Toa bakuli polepole. Usimwinamie. Funga kioo mpaka mwisho. Anasoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona na glavu zake zinatetemeka. Mume wangu anachonga milango mizito ya mvule, lakini chatu wa mchangani asiyefika urefu wa mkono anamtoa jasho.

Leo akasimama ghafla. "Zuhura, huyu wako amevimba. Huku upande wa mkia. Kama amemeza ndimu."

Nikamwambia amulike. Nikaona. Tambuu kalala ubavu, tumbo kalibandika pale penye joto. Chakula amekataa tangu mwezi uliopita. Nilidhani ni baridi ya upepo wa kusi. Kumbe Popoo, dume lake, alifanya kazi yake baada ya Idi.

Ana mimba. Naandika tena ili niamini. Ana mimba.

Chatu hawa hawatagi mayai. Wanazaa watoto wazima, wembamba kama kalamu, wanaotoka na kujichimbia mchangani papo hapo. Nilisoma haya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu wa biolojia hapa Amu, kisiwani Lamu. Sijawahi kuona kwa macho. Sasa itakuwa ndani ya nyumba yetu, mtaa wa Langoni, na mimi siwezi hata kumgusa.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye glavu. Athmani akatikisa kichwa. Nikaurudisha. Nimekasirika na nimefurahi, vyote pamoja.

Ijumaa, 4 Julai

Kliniki. Muuguzi akauliza kama nyumbani kuna mnyama. Nikasema chatu wawili, kwa kibali. Kalamu ikamtoka.

Hakunicheka. Akanieleza ninachokijua: nyoka hubeba salmonela tumboni bila kuugua. Inatoka na kinyesi, inakaa kwenye ngozi yake, mchanga wake, maji yake. Mjamzito asiguse, wala asioshe vyombo vyao. Mtoto mchanga asikae chumba kimoja nao, na mpaka afike miaka mitano asiwashike. Anayewahudumia anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Vyombo hivyo visifike jikoni kabisa.

Nikamwambia tumeshaanza. Chumba chao kina ufunguo. Jokofu dogo la panya wanaowala liko karakana kwa Athmani, si nyumbani. Akaandika kitu kwenye kadi yangu. Nadhani aliandika "nyoka" na akapigia mstari.

Jumapili, 13 Julai

Mama amejua kwamba Tambuu ana mimba. Athmani kateleza ulimi wakati wa chai.

Nyumba hii ni ya Bibi, yaani mama yake Mama. Siku moja itakuwa yangu. Sisi tuko chini, wao wako juu, jiko ni moja. Mama aliwavumilia nyoka wawili kwa sababu ya kazi yangu. Wengine wa kuzaliwa, hapana.

Alinijia chumbani, akakaa kitandani, akanishika mguu uliovimba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Siku atakapoonekana mmoja nje ya chumba chake, wote watoke. Sitaki kusikia elimu siku hiyo."

Nimekubali. Ningesema nini? Nina hakika na kioo na ufunguo. Nina hakika.

Bibi alikuwa anakaanga njugu zake kwenye chungu cha mchanga moto, kama kila siku baada ya alasiri. Watoto wa chuoni, wale wa madrasa, wanapita mlangoni kuchukua. Hajawahi kuingia chumba cha nyoka na anasema hatoingia.

Jumatano, 30 Julai

Nimefurahi leo mpaka nikashindwa kukaa. Mtoto anapiga mateke, na Tambuu amejikunja kama kamba ya jahazi, ngozi imevutika, rangi yake ya chungwa imekolea kama mate ya tambuu yenyewe. Nilisimama kizingitini mpaka mgongo ukauma.

Simwambii mtu haya. Najiona tuko wawili. Yeye hali, mimi nakula usiku kucha. Yeye hana haja na mtu, mimi nalia nikikosa embe. Lakini sote tunatafuta joto. Na sote hatujui kuzaa kukoje.

Wenziwe Athmani barazani wanamwita Mume wa Wawili. Anacheka, ila hapendi.

Jumamosi, 9 Agosti

Hayupo.

Athmani kafungua asubuhi, kachimba mchanga, kachimba tena. Popoo yuko kwake. Tambuu hayupo. Chembe za mchanga zilikuwa zimekwama kwenye mfereji wa kioo, hakikufungika mpaka mwisho. Nafasi ya kidole tu imebaki. Mlango wa chumba una uwazi chini ambao sote tuliuona na sote tukasema ni mdogo.

Athmani alikaa sakafuni akajishika kichwa. Sikumlaumu. Nilitaka. Sikumlaumu.

Hatujamwambia Mama. Huo ni uamuzi wangu. Akijua leo, kesho wote wanaondoka, naye Tambuu yuko ukutani mahali fulani, amejaa watoto. Akizalia ndani ya kuta hizi za matumbawe, nyumba nzima itakuwa na chatu wadogo kwenye vidaka vya ukutani, nyuma ya sahani za Bibi. Hawana sumu. Nani atanisikiliza?

Jumapili, 10 Agosti

Tumemwaga unga kwenye sakafu ya chini ili tuone alama. Alama za paka tu. Athmani kapanda kwenye boriti na tochi, akamwambia Mama anatafuta mchwa. Mama akamshukuru. Nikajisikia vibaya sana.

Watoto wa chuoni walikuja kuomba njugu. Bibi aliwarudisha. Kasema kachoka. Bibi hachoki.

Jumatatu, 11 Agosti

Hakuna. Upepo wa kusi mkali, nyumba baridi. Tambuu atakuwa anatafuta joto. Nimekagua nyuma ya jokofu, chini ya pasi, kitanda changu. Nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Sili kachumbari wala kitu kisichopita motoni.

Njugu hakuna tena leo. Bibi yuko jikoni muda mrefu, ananong'ona. Nikadhani anasoma uradi, nikapita.

Sijui naogopa nini zaidi, kumpoteza yeye au kukutwa na uongo.

Jumanne, 12 Agosti

Amepatikana. Niandike yote kabla sijasahau.

Nilipanda juu kutafuta maji ya moto. Bibi alikuwa amesimama mbele ya chungu chake cha kukaangia njugu, kilicho kando ya jiko la makaa, mikono kifuani, kama anaongea na mgeni wa heshima. Nikamsikia waziwazi.

"Yeo ni siku ya tatu. Nimekwambia kwa wema siku ya kwanda, nikakwambia yana. Ndia ya kutoka ni ile. Kama u katika waja wema, toka kwa amani, usimtishe mjukuu wangu, ana mimba."

Nikachungulia. Juu ya mchanga pua na jicho moja dogo. Kando ya makaa, kwenye joto. Bila shaka. Nimefundisha somo hili kila mwaka na sikulifikiria.

Nilipiga kelele ya furaha. Bibi akanivuta nyuma. "Usisongee. Huyu si nyoka huyu."

"Bibi, ni nyoka. Ni wangu. Ni Tambuu."

Akanitazama. Akakitazama chungu. "Siku tatu mimi namwamkia kwa adabu, namwachia na njugu zangu, kumbe namwamkia Tambuu?"

Akaanza kucheka. Nami nikacheka mpaka tumbo likakaza, nikaogopa, nikaketi chini.

Maskini Bibi. Alimwona tangu asubuhi ya Jumapili. Alifuata alivyofunzwa, kwamba nyoka aliyeingia nyumbani huenda si nyoka bali jini, hafukuzwi kabla hajaonywa siku tatu. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa ajili yangu, nisishtuke. Kama mimi ningesema siku ile ile kwamba nimempoteza, naye angesema kwamba amemwona. Tulikuwa tunalindana, kila mtu na siri yake, nyoka katikati akiota moto.

Nilimpigia simu Athmani. Akaja mbio kutoka karakana, vumbi la mbao kichwani, glavu kasahau. Nikafungua mdomo kumwelekeza. Hakuningoja. Akaingiza mikono mitupu mchangani, chini ya tumbo lake zito, akamwinua kama mtu anavyoinua mtoto aliyelala. Hakutetemeka. Akamtia ndooni, akafunga.

Alipogeuka, Mama alikuwa mlangoni.

Jumatano, 13 Agosti

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Nyoka simwogopi kama unavyodhani. Umenificha ndani ya nyumba yetu. Hilo ndilo."

Akangoja nimwombe. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba tangu mwezi wa saba, na hoja, na karatasi za kisayansi. Lakini usiku nilikuwa nimefikiria jambo jingine. Bibi alikuwa akikigeuza chungu kile, akikisogeza, akipangusa mchanga, na kwa mikono ile ile akinikandia mkate na kunimegea. Siku zote hizo nimekula. Si jini wala uongo vinavyonitia baridi. Ni mkate.

Nikamwambia Mama wanaondoka leo. Nikaona kashangaa.

Athmani ndiye aliyesema karakana. Kuna chumba cha nyuma alichokuwa akihifadhia mbao, kina dirisha, kina kufuli. Watakaa kule mpaka mtoto akue. Yeye atawahudumia peke yake. Nilimtazama mume wangu nikaona simjui, na nikampenda upya.

Jiko tumelisafisha lote kwa sabuni na maji ya moto, kisha dawa. Chungu na mchanga wake tumetupa. Bibi alisimama akikiangalia kikienda, akasema mchanga ule ulikuwa umejua njugu. Kliniki wameniambia niangalie homa na kuharisha, nirudi mara moja vikianza.

Naingoja homa.

Jumanne, 19 Agosti

Hakuna homa. Bibi pia mzima. Mtoto anacheza. Muuguzi kanipima, kasema tumebahatika, tusirudie bahati hiyo.

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi najikuta kizingitini, chumba kitupu, Mama anakipaka chokaa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nina binti.

Juzi, Alhamisi, alfajiri. Sikujua. Vitabu vyote vile, sikujua. Ana nywele nyingi. Anapotafuta titi anatikisa kichwa kwa hasira. Athmani alimwadhinia sikioni na sauti ikamkatika njiani. Mama kamshika na kulia, nami nikamwomba msamaha wakati ule, kwa sababu nilikuwa sina nguvu za kujitetea. Akasema nisiongee, ninywe uji.

Kila kitu kinauma na nina furaha kama kichaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Tambuu amezaa.

Niko ndani ya arubaini ya uzazi, siwezi kutoka. Bibi ananikanda, Mama ananifunga tumbo. Simu ikalia, video kutoka kwa Athmani. Picha inacheza, mbao, sakafu, kisha kioo. Mwanzoni sioni kitu. Halafu mchanga unasogea. Kitu chembamba, kinang'aa, rangi ya chungwa, kinapasua utando wake na kuinua kichwa. Na nyuma yake mwingine. Na mwingine.

Sauti ya Athmani inasema, "Zuhura, angalia. Angalia huyu. Subhanallah, huyu anatoka. Usiogope, mama, usiogope." Anamwambia Tambuu. Hamwambii mwingine yeyote.

Nimeitazama mpaka betri ikaisha. Nililia. Hii ndiyo niliyoingoja tangu Chuo Kikuu na nimeiona kwenye kioo cha simu, kitandani, na udi unafuka puani. Nilidhani ningekuwa na wivu. Upo, kidogo. Lakini furaha imejaa, wivu haukupata nafasi.

Bibi akaomba simu niliporudisha chaji. Akaitazama kwa mbali, mkono umenyooka. Kauliza kama wote wana jina.

Watu wa wanyamapori nimewaandikia. Watakuja kuwachukua wadogo wakipata nguvu, kwa ajili ya shule za bara. Ni haki.

Athmani alirudi jioni, akanawa, akabadilisha kanzu, ndipo akamchukua binti yake. Alikuwa anatabasamu na ukuta.

Jumamosi, 18 Oktoba

Arubaini imekwisha. Nimetoka leo, kwa miguu, peke yangu. Mtoto nimemwacha kwa Mama, amelala, ameshiba. Mama ndiye aliyesema nende.

Njiani jua kali limenichoma. Bi Khadija wa dukani kanisimamisha, kamuulizia mtoto, kanipa karafuu nitafune. Kwenye karakana sikuingia. Nilisimama nje, dirishani, kama tulivyokubaliana na Athmani.

Alifungua kifuniko cha kwanza. Tambuu kakonda, tayari anakula. Kisha akavuta boksi la wadogo, akalisogeza kwenye mwanga. Akasema ngoja, wamejificha, nitawatoa mmoja mmoja. Alikuwa anawatambua. Huyu mkali, alisema, yule mvivu. Kichwa kimoja kidogo kikachomoza mchangani.

Wakati huo maziwa yakaanza kutoka. Yenyewe. Nikayasikia yakilowesha nguo chini ya buibui, moto, kabla sijajua ni nini. Nyumbani mtoto ameamka.

Nikamwambia Athmani anionyeshe siku nyingine.

Nikarudi haraka, mkono kifuani, sikumwona mtu njiani.